HODI BILA KARIBU: Kwa Nini Kompyuta Hushindwa Kukitambua Kifaa

Mwezi wa Aprili mwaka 1998, katika maonyesho ya kompyuta ya COMDEX yaliyofanyika mjini Chicago nchini Marekani, kampuni ya Microsoft ilikuwa ikiuonyesha mfumo wake mpya wa Windows 98, ambao wakati huo ulikuwa bado haujaanza kuuzwa. Bill Gates, mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa jukwaani. Msaidizi wake alichomeka skana kwenye kompyuta ili kuthibitisha kwamba mfumo huo uliweza kukitambua kifaa mara tu kilipochomekwa. Badala ya kukitambua, kompyuta ilisimama kabisa, na kioo chote kikageuka rangi ya buluu, ishara kwamba mfumo umeshindwa kuendelea na kazi. Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Kisa hicho hukumbukwa hadi leo kwa sababu ni watu wachache wenye kompyuta ambao hawajapata kufikwa na jambo la namna hiyo. Printa iliyofanya kazi jana, leo haionekani. Flashi yenye kazi ya muhula mzima inachomekwa, na kompyuta inakaa kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Aghalabu mwenye kifaa hukata shauri kwamba kifaa kimekufa, akanunua kingine; au hubonyeza kila jibu linalotokea kwenye kioo, na kwa kufanya hivyo akaifuta kazi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Hasara hizo mbili mara nyingi zaweza kuepukwa. Kutambuliwa kwa kifaa si tendo moja, bali ni mfuatano wa hatua nne, na kila hatua inaposhindwa huacha dalili yake. Mtu azijuaye hatua hizo na dalili zake huweza kuutafuta ubovu kwa utaratibu uleule utumiwao katika maabara ya sayansi.

HALI ILIVYOKUWA ZAMANI

Katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, kifaa kilichotaka kusikilizwa kilipeleka ishara kwa kupitia njia maalumu za kuita. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8 za aina hiyo, na ile ya PC/AT ya mwaka 1984 ilikuwa na njia 16, ambazo nyingi kati yake zilikuwa zimekwisha kushikwa na sehemu za kompyuta yenyewe. Vifaa viwili vilipopewa njia moja, vilizuiana, na mara nyingi kimoja au vyote viwili vilikataa kufanya kazi. Ilimpasa mwenye kompyuta kuifungua kwa bisibisi na kuhamisha vibanio vidogo vya chuma ili kila kifaa kipate njia yake.

Mfumo wa Windows 95, uliotolewa mwaka 1995, ulileta utaratibu wa kuchomeka na kutumia, ambao kwa huo kompyuta yenyewe ilijaribu kuvigawia vifaa njia. Mwezi wa Januari mwaka 1996 ulitolewa mpango wa USB, uliotayarishwa kwa ushirikiano wa makampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Shabaha yake ilikuwa kwamba tundu la aina moja litumike kwa vifaa vya kila namna, na kwamba kompyuta na kifaa vijuane bila mtu kuingilia kati. Tangu hapo mazungumzo ya kujuana hufanyika ndani ya waya, mahali ambapo jicho la mtumiaji halifiki. Ndiyo sababu yanapokatika, mtumiaji hujiona yumo gizani.

HATUA YA KWANZA: UMEME NA HODI

Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi. Kifaa nacho hupiga hodi, lakini kwa volti.

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani yake. Mbili ni za umeme wa volti 5, na mbili ni za kupitishia habari. Mwanafunzi akichungulia ndani ya kichwa cha waya kile kipana, atakiona kila kibati kinacholingana na waya mmoja, na atagundua kwamba vibati viwili vya pembeni ni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati. Jambo hilo limefanywa kwa makusudi: vya pembeni ni vya umeme, navyo hugusana kwanza, ili kifaa kiwe kimepata nguvu kabla ya mazungumzo kuanza.

Ndani ya kifaa kuna kikinzani cha omu 1,500 kilichofungwa kati ya umeme wa volti 3.3 na mmojawapo wa nyaya za habari. Upande wa kompyuta, kila waya wa habari umeunganishwa na volti 0 kwa kupitia kikinzani cha omu 15,000. Kabla kifaa hakijachomekwa, nyaya zote mbili za habari huwa karibu na volti 0. Kikisha kuchomekwa, vikinzani hivyo viwili huungana kwa mfululizo, na volti ya waya huo hupanda kufikia:

3.3 × 15,000 ÷ 16,500 = volti 3.0

Kupanda huko ndiko hodi. Zaidi ya hayo, waya uliopanda huijulisha kompyuta aina ya mgeni: ukipanda mmoja, kifaa ni cha mwendo mdogo wa biti 1,500,000 kwa sekunde, kama vile kipanya; ukipanda wa pili, ni cha mwendo wa biti 12,000,000 kwa sekunde au zaidi.

Hatua hii ikishindwa, dalili yake ni ukimya mtupu. Hakuna sauti, hakuna tangazo, wala hakuna chochote kinachoongezeka katika orodha ya vifaa. Sababu zake karibu zote ni za kimaumbile: tundu lililolegea, vumbi na nyuzi za nguo zilizojaa ndani ya tundu, kutu iletwayo na unyevu (hasa katika miji ya pwani ambako hewa ina chumvi), au waya uliokatika ndani.

Kuna sababu moja ambayo huwadanganya wengi. Baadhi ya waya ziuzwazo pamoja na vifaa vya kuchajia zina nyaya mbili za umeme tu, bila zile za habari. Simu ikiunganishwa kwa waya wa namna hiyo huonyesha kwamba inachaji, na mwenyewe huamini kwamba waya ni mzima. Kumbe umeme unapita, lakini hodi haifiki.

HATUA YA PILI: JINA NA ANWANI

Kompyuta ikisha kusikia hodi, haiitiki papo hapo. Husubiri walau milisekunde 100 ili mtikisiko wa kuchomeka utulie, kisha hukiamuru kifaa kianze upya. Kifaa huitika kwa anwani 0, ambayo ni ya wageni wote wanaoingia. Kompyuta hukiuliza maelezo yake, hukipa anwani yake chenyewe kati ya 1 na 127, halafu huendelea kukihoji. Anwani huandikwa kwa biti 7, na kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 7 ni 128, zikitolewa anwani 0 zinabaki 127. Hicho ndicho kikomo cha vifaa vinavyoweza kuongozwa kwa mkupuo mmoja na kituo kimoja cha USB.

Katika maelezo yake, kifaa hutaja namba ya mtengenezaji wake, namba ya aina yake, kazi yake, na kiasi cha mkondo wa umeme kinachohitaji. Kwa utaratibu wa USB 2.0 wa mwaka 2000, kifaa kinaruhusiwa kutumia hadi miliampea 100 kabla ya kukubaliwa, na hadi miliampea 500 baada ya kukubaliwa. USB 3.0 ya mwaka 2008 iliongeza kikomo hicho hadi miliampea 900.

Hatua hii ikishindwa, kompyuta haikai kimya, bali hulalamika. Katika Windows hutokea tangazo kwamba kifaa hakikutambuliwa, na katika orodha ya vifaa iitwayo Device Manager kifaa huandikwa kuwa hakijulikani, mara nyingi pamoja na namba ya kosa 43. Maana yake ni kwamba hodi ilisikika, lakini mgeni hakuweza kujieleza.

Sababu ya kawaida ni upungufu wa umeme. Ichukuliwe kwamba nyaya za umeme katika waya mrefu na mwembamba zina ukinzani wa jumla wa omu 1, na kwamba kifaa kinavuta miliampea 500, yaani ampea 0.5. Kwa kanuni ya Ohm, volti inayopotea njiani ni 0.5 × 1 = volti 0.5, na kifaa kinabakiwa na volti 4.5 badala ya 5. Diski kubwa ya kubebeka, ambayo huhitaji nguvu zaidi inapoanza kuzunguka, yaweza kuanza, ikazimika, na kuanza tena, huku ikitoa sauti ya kugonga. Hali kadhalika, kisanduku cha kuongezea matundu ambacho hakina umeme wake chenyewe huruhusiwa kutoa miliampea 100 tu katika kila tundu. Kifaa kikiomba 500 hapo, kompyuta yaweza kukikataa ijapokuwa ni kizima kabisa.

HATUA YA TATU: MKALIMANI

Mgeni sasa ana jina na anwani, lakini lugha yake bado haijaeleweka. Printa haisemi kama kipanya, wala skana haisemi kama flashi. Kwa hiyo mfumo endeshi wa kompyuta hutafuta programu ndogo ya ukalimani, ambayo mafundi huiita draiva. Hulinganisha namba za kifaa na kazi yake na orodha ya draiva ilizo nazo.

Vipanya, kibodi na flashi zina lugha za jumla zilizokubaliwa na watengenezaji, na mifumo ya kisasa inazijua. Haikuwa hivyo sikuzote: Windows 98 ilihitaji draiva ya pekee kwa flashi, hali Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na draiva ya jumla. Printa na skana nyingi bado hudai draiva zake zenyewe. Zaidi ya hayo, draiva iliyotungwa kwa mfumo wa biti 32 haifanyi kazi katika mfumo wa biti 64. Ndiyo sababu printa ya zamani yaweza kukataliwa na kompyuta mpya, ingawa haina kasoro yoyote.

Dalili ya hatua hii ni kwamba jina la kifaa laonekana katika orodha, lakini lina alama ya kuonya. Katika Windows, namba 28 humaanisha kwamba draiva haijawekwa. Dawa yake ni draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji wa kifaa. Haifai kuitafuta kwa mtu mwingine yeyote asiyejulikana katika intaneti, kwa maana draiva hupewa mamlaka makubwa ndani ya kompyuta, na mkalimani mwongo ni hatari kuliko kukosa mkalimani.

HATUA YA NNE: KUUFUNGUA MZIGO

Kwa vifaa vya kuhifadhia kumbukumbu ipo hatua moja zaidi. Flashi yaweza kuwa imetambuliwa kikamilifu, lakini majalada yaliyomo yasionekane. Huenda haikupewa herufi yake, kama vile D au E. Jambo hilo hukaguliwa katika Windows kwa kutumia Disk Management. Huenda pia imepangwa kwa mtindo ambao kompyuta hiyo haiujui, kama diski iliyopangwa kwa kompyuta za Apple ikichomekwa katika Windows. Au huenda jedwali la majalada limeharibika, jambo linaloweza kutokea flashi inapochomolewa, au inapopoteza mgusano, wakati kompyuta bado inaiandikia.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Windows ikishindwa kulisoma jedwali hilo, humwuliza mtumiaji kama anataka kuipanga flashi upya. Swali hilo huonekana kama msaada, lakini kukubali kwake ni sawa na kuchana orodha ya vitabu vya maktaba kwa sababu ukurasa wake mmoja haukusomeka. Mwenye kazi ya thamani ndani ya flashi hana budi kukataa, na asiandike kitu chochote kipya juu yake. Majalada mara nyingi bado yamo. Kilichoharibika ni orodha inayoonyesha mahali yalipo.

UTARATIBU WA KUTAFUTA UBOVU

Kanuni ya kwanza ya majaribio ya sayansi ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtu abadiliye waya, tundu na draiva kwa pamoja, hata akifaulu, hatajua kilichomponya. Na ubovu ukirudi, ataanza upya. Utaratibu ufuatao huanza na mambo mepesi yasiyo na hatari:

1. Kompyuta iwashwe upya kwa amri ya kuanza upya, si ya kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zinapozimwa huhifadhi sehemu ya hali yao na kuirudisha zinapowashwa, kwa hiyo kosa laweza kurudi pamoja nayo. Amri ya kuanza upya huisafisha hali hiyo.

2. Kifaa kichomekwe moja kwa moja katika tundu jingine la kompyuta, bila kisanduku cha kuongezea matundu. Katika kompyuta ya mezani, matundu ya nyuma ni bora, kwa kuwa yameshikamana na bodi kuu. Ya mbele huunganishwa kwa waya wa ndani.

3. Waya ubadilishwe kwa mwingine unaojulikana kwamba hupitisha habari. Simu ifunguliwe kioo chake na kuchaguliwa kuhamisha majalada, kwa sababu simu nyingi za Android huanza kwa kuchaji tu.

4. Kifaa kijaribiwe katika kompyuta nyingine.

5. Kifaa kingine kilicho kizima kijaribiwe katika tundu lilelile la kwanza.

6. Baada ya hayo yote ndipo draiva iguswe: kifaa kiondolewe katika orodha, kichomekwe tena, na ikibidi draiva iwekwe upya.

Majaribio ya 4 na ya 5 hukamilishana. Kifaa kikishindwa katika kompyuta zote mbili, na kifaa kingine kikafaulu katika tundu lile, shaka yote huelekea kwenye kifaa. Kifaa kikifaulu kwingine, na kingine nacho kikashindwa katika tundu lile, ubovu umo katika tundu au katika kompyuta. Vyote viwili vikifaulu, tundu ni zima na kifaa ni kizima. Kwa hiyo yapasa kuchunguza draiva, au kiasi cha umeme.

MFANO MMOJA

Chukua mfano wa mwalimu aliyehifadhi alama za mitihani ya kidato kizima katika flashi moja, naye anatakiwa kuzikabidhi siku hiyohiyo. Anaichomeka katika tundu la mbele la kompyuta ya shule. Linatokea tangazo kwamba kifaa hakikutambuliwa, na orodha inaonyesha kosa 43. Kwa kuwa kompyuta imelalamika badala ya kunyamaza, mwalimu anajua kwamba hodi imesikika, na kwamba mazungumzo yamekatikia katika hatua ya pili.

Anaichomoa na kuichomeka nyuma. Sasa flashi inaonekana kwa jina lake, lakini kompyuta inauliza kama aipange upya. Kwa mtu asiyejua, mambo yamezidi kuharibika. Kwa mwalimu huyu yamekuwa afadhali: hatua ya pili na ya tatu zimepita, na tatizo limebaki katika ya nne peke yake. Anakataa kuipanga upya, anakumbuka kwamba jana yake aliandika alama za mwisho akitumia lile tundu la mbele, na anachomeka humo flashi nyingine iliyo nzima. Nayo inatambuliwa na kupotea kila inapoguswa.

Dalili mbili zilizoonekana kuwa mbalimbali sasa zina maelezo mamoja. Tundu la mbele limelegea. Jana lilipoteza mgusano wakati wa kuandika, likaliharibu jedwali la majalada. Leo limeyakata mazungumzo ya kujuana. Flashi haijafa. Fundi ataweza kunakili yote yaliyomo, baiti kwa baiti, kisha kuyatafuta majalada katika nakala hiyo bila kuigusa flashi yenyewe. Matumaini ya kuzipata alama ni makubwa, kwa sababu tu mwalimu hakujibu swali la kompyuta kwa haraka.

Hata hivyo, mfano huo una somo jingine lisilohusu volti wala draiva. Kazi iliyohifadhiwa mahali pamoja tu haijahifadhiwa. Kama alama hizo zingekuwa na nakala ya pili katika kompyuta nyingine, ubovu wa tundu ungekuwa usumbufu wa dakika kumi tu.

MASWALI YA DARASANI

1. Waya wenye ukinzani wa jumla wa omu 0.6 unapeleka miliampea 900. Kifaa kinabakiwa na volti ngapi kati ya 5?

2. Simu inachaji, lakini kompyuta haionyeshi dalili yoyote ya kuiona. Taja sababu mbili, na ueleze jaribio la kuzitenganisha.

3. Kama anwani za vifaa zingeandikwa kwa biti 8 badala ya 7, ni vifaa vingapi vingeweza kupewa anwani?